Jina la Baba Mkwe

Kwa kitambulisho ameandikwa Jotham. Hilo ndilo jina walilomwita hospitalini siku nne, na siku zote nne hakugeuza kichwa. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, siku ambayo daktari mkubwa anapita wodi. Tuliambiwa kama mzee bado hajui jina lake atarudishwa nyumbani, kwa sababu vitanda vya watu wa kufundishwa kutembea tena ni sita tu, na wanaongoja ni wengi. Nyumbani maana yake tulijua. Angelala kwa kitanda chake pale Kabuchai, ageuzwe kama gunia, hadi siku ambayo hatageuzwa tena.

Mimi ndiye nilikuwa naye. Naitwa Mary Ann Kabura, mke wa Kizito, mtoto wake wa mwisho. Nilizaliwa Saboti, upande wa Kitale, kwa watu waliotoka Nyeri zamani wakaja kulima mahindi. Nikaolewa huku Bungoma kwa watu wa miwa. Nilisoma mpaka darasa la nane. Nina mtoto mmoja, Nelima, ambaye wakati huo alikuwa na miezi kumi na moja, na mambo haya yote alikuwa mgongoni kwangu, isipokuwa wakati wa kunyonya.

Maisha ya mzee nimeyajua kwa kusikia kupitia ukuta. Jikoni kwetu ukuta ni wa mabati na nyumba yake iko hatua kumi. Jioni alikuwa anaongea na Kizito hapo nje, mimi nikisonga ugali, na mabati yananiletea kila neno. Kukaa pale na kusikiliza uso kwa uso haingewezekana. Nitaeleza.

Mama yake hakujua kusoma. Alisikia jina kanisani, likisomwa kwa lugha yao, Yotamu, mfalme wa zamani. Akalipenda, akampa mtoto. Alipopelekwa shule mwalimu aliuliza jina, akaambiwa, akaandika Jotham, kwa sababu ndivyo Wazungu wanavyomwandika huyo mfalme wao. Mtoto alirudi nyumbani akamwambia mama, mwalimu amenibadilisha. Mama akasema hajambadilisha, amemwandika tu. Kwa hivyo akakua hivyo, na jina la karatasi na jina la mdomo.

Akiwa kijana alienda Kitale kutafuta kazi katika shamba moja kubwa la mahindi. Alikaa huko miaka thelathini na moja. Alianza kwa kubeba magunia, halafu wakaona anajua kusoma, wakamfanya karani wa kuita majina. Kila asubuhi saa kumi na mbili watu walisimama mbele ya stoo, na yeye na kitabu. Kitabu kiliandikwa na meneja mwenyewe, Mzungu, na meneja aliandika vile sikio lake lilisikia. Kagwe alisomwa Kagwei. Wahome alisomwa Weihomu. Nasimiyu wa kuchagua mbegu alikatwa akabaki Nasim, kama mtu wa Pwani. Mtu akiitwa vibaya anachelewa kuitika, na aliyechelewa kuitika ameandikwa hakuja kazini.

Basi mzee alikuwa na mtindo wake. Mtu mpya akiletwa anamvuta kando, anamuuliza, "Mama yako akikuita ukule, anasemaje?" Mtu anasema. Mzee anarudia mpaka mwenyewe atingishe kichwa. Kesho yake anaita hivyo, hata kama kitabu kinasema vingine. Meneja alimsikia siku moja akamwambia asome kilichoandikwa.

"Nikamwambia, bwana, ile imeandikwa ni yako," alimwambia Kizito, na mimi jikoni nikasikia. "Hii naita ni ya wenyewe."

"Na wewe alikuwa anakuita nani?"

"Jotham." Alilisema kama yule meneja, ulimi ukitoka katikati ya meno, na mwisho wa jina ukikatwa kama uzi. Kizito akacheka. "Na nilikuwa naitika. Ile jina ilikuwa inakula mshahara. Sasa nimestaafu. Jotham nimemwacha Kitale, kwa msumari, pamoja na koti ya kazi."

Hicho kilikuwa kichekesho chake, na alikisema mara nyingi. Sikudhani ni kweli.

Sasa nieleze kwa nini nilisikiliza jikoni. Kwetu Saboti mke wa kijana anamheshimu baba mkwe, lakini anampa mkono, anamwita baba, anakaa naye mezani. Siku ya kwanza nililetwa Kabuchai nilishuka, nikamwona mzee mrefu amesimama karibu na zizi, nikajua ndiye. Nikaenda na mkono mbele. Nikasema, "Habari yako, Mzee Jotham." Nilitaka aone nimefundishwa.

Mzee aliweka mikono yote miwili nyuma. Akaangalia kuku. Akawauliza kuku, "Huyu mgeni amepewa chai?"

Mama mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alinishika kwenye kiwiko akanipeleka jikoni. Hakuwa na hasira. Alinikalisha kwa kigoda akanieleza kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Baba mkwe hapewi mkono. Hapitwi karibu. Kiti chake hakikaliwi. Ukimkuta kwa njia nyembamba wewe ndiye unaingia kwa nyasi. Chakula unakipeleka kwa mkono wa mtoto, au unakiweka unaondoka. Na jina lake, lolote, la karatasi ama la mdomo, haliingii kinywani mwako mpaka unakufa.

"Hata akikufa yeye?" niliuliza.

"Hata akikufa. Utasema yule mzee." Akaniangalia. "Maliani, umeskia?"

Nilimwambia nimesikia. Mimi jina langu naitika vyovyote. Mwalimu alisema Mary Ann, kwetu wanasema Meriani, mama mkwe alisema Maliani mpaka akafa, na yote ni mimi. Nilifikiri kila mtu yuko hivyo.

Miaka mitano niliishi na mzee huyu na hatukuwahi kuongea moja kwa moja. Aliongea na kuku. "Kuku wa hii boma wamekosa maji," anasema, na mimi nachota maji. "Kuku, chai ya leo ilikuwa na majani mazuri." Nelima alipozaliwa, wakati wa palizi, alikuja mpaka mlangoni, akageuka upande, akawaambia kuku kwamba mtoto amefika vizuri na mama yake apumzike, mahindi yatapaliliwa na wengine. Mtu asidhani hakunipenda. Nilijua ananipenda kwa vile hakuwahi kunisahau mbele ya kuku.

Aliyekuwa anamwita kwa jina ni mmoja tu, Mzee Khaemba. Walitahiriwa mwaka mmoja, na watu wa namna hiyo wanaitana vile wanataka. Khaemba alikuwa hafiki boma. Anasimama kwa ua upande wa miwa, anaita kutoka huko, polepole, akilivuta jina katikati kama mtu anavuta kamba ya ng'ombe. Yotaaamu. Na mzee anaitika bila kuinuka, "Ooo," anatafuta fimbo. Nilisikia hivyo kila siku nne, tano. Khaemba tulimzika mwaka jana mwezi wa nne. Tangu hapo sikusikia mtu mwingine akiliita. Watoto wanasema Baba, kanisani wanasema Mzee, na chifu anasoma Jotham kwa karatasi.

Jumatatu ile asubuhi nilienda kukata majani ya ng'ombe nikamkuta amelala kwa njia ya miwa, upande wa kulia umekufa, mdomo umeenda kando. Macho yalikuwa wazi. Nilisimama hatua tano kutoka kwake na panga mkononi. Sikumshika. Nilipiga kelele za kuita majirani, nikasimama hapo mpaka wakaja, Nelima akilia mgongoni, na mzee akiangalia juu. Nimejiuliza tangu siku ile kama ningemshika. Sikuhisi hofu. Nilihisi kama miguu ni ya mtu mwingine na mimi nimepewa nishike kwa muda.

Jirani mwenye pikapu alitupeleka hospitali Bungoma mjini. Kizito alikuwa barabara ya Lodwar na lori, simu inaingia na kutoka. Dada yake yuko Saudi kwa kazi ya nyumba, anapewa simu Ijumaa jioni. Kwa hivyo nikawa mimi.

Wodi ya wanaume wazee ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Nilisimama miguuni pa kitanda chake, kwa sababu kichwani singeweza. Kitanda cha pili kilikuwa na mume wa mama mmoja anaitwa Rosaline, mnene, mcheshi, wa kutoka huko huko kwetu upande wa Chwele. Aliniangalia asubuhi ya kwanza nikiwa nimeshika kikombe cha uji na sijui nikifanye nini. Akanichukulia kikombe bila kuuliza.

"Mkwe?" akasema.

"Mkwe."

"Na wewe si wa huku. Hiyo pua ni ya Mukikuyu." Akaanza kumlisha mzee kwa kijiko. "Lakini wamekufunza. Wengine wanakuja hapa wanapanguza mkwe wao jasho kama mtoto. Hata sijui tunaenda wapi, Mama Nerima." Nelima wangu mdomoni mwake alikuwa Nerima.

Akaendelea kumlisha siku zote, wake na wangu, kijiko huku kijiko huku.

Daktari wa wodi alikuwa kijana, Nderitu, mpole, macho yamejaa usingizi. Kila asubuhi na jioni alikuja na kadi, akainama karibu na sikio la mzee akasema, "Jotham. Jotham, unanisikia? Jina lako ni nani?" Alilisema vile vile meneja alilisema, ulimi kwenye meno. Mzee aliangalia dari. Nderitu alimwinua kope, akamfinya kidole, akaandika. Siku ya kwanza aliandika mistari mitatu. Siku ya tatu aliandika neno moja.

"Si kwamba hasikii," aliniambia Jumatano. "Sikio iko sawa. Ni kama hajui ni yeye anaitwa. Daktari mkubwa akipita Ijumaa, kitu ya kwanza ataangalia ni hiyo. Mtu akijua jina yake, tunampeleka mazoezi. Asipojua," akafunga kalamu, "tutawaachia nyinyi nyumbani."

"Hiyo jina si yake," nikasema.

"Ndiyo iko kwa kitambulisho."

"Iko kwa kitambulisho. Lakini nyumbani anaitwa ingine."

"Sawa. Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nderitu akaningoja. Yeye ni Mkikuyu kama mimi, jina langu alilisoma vizuri kuliko karani wa pale mlangoni, na kwake hilo halikuwa swali gumu. Aliniona kama mtu ambaye amesahau.

Rosaline akasema kutoka kitanda cha pili, "Daktali, huyo hawezi kusema. Ni mkwe wake."

"Hata hospitali?"

"Hospitali iko mbinguni?"

Jioni ile simu ya Kizito ilishika. Nilimweleza. Nilisikia injini na upepo. Akasema tuweke simu kwa sauti kubwa, Rosaline aishike karibu na sikio la mzee. Kizito akaita, "Baba. Baba. Ni mimi." Wazee watatu wakageuka, mmoja akaitika na kuuliza pesa ya mbolea imefika. Baba yetu hakugeuka. Katika wodi ile kila mtu alikuwa baba. Wauguzi walisema baba inua mkono, baba meza dawa, kutwa nzima, kwa kila kitanda.

Nikaenda na simu nje.

"Ngoja mimi," Kizito akasema. "Jumapili niko hapo. Nitatafuta mzee mmoja wa rika yao tuje naye."

"Daktari anapita Ijumaa. Na rika yao ni nani amebaki? Khaemba mlimzika."

"Kuna mmoja Kimilili. Lakini nasikia hata yeye masikio yamekwisha."

"Basi nifanye nini?"

"Usifanye kitu." Halafu akasema polepole, "Kabura, wewe si mtoto wa huku. Ukikosea hapo hawatasema umekosea. Watasema ni mimi nilioa mtu na sikumfundisha."

"Nimefundishwa."

"Najua. Ndio nasema ungoje."

Simu ikakatika. Nilinyonyesha Nelima kwenye ngazi, maziwa yakamwagika kwa nguo, sikuyapanguza. Watu walipita. Nilihesabu viatu vya buluu tu, sijui kwa nini.

Alhamisi nilipata wazo. Kuandika si kusema. Hata sasa naandika hapa na mdomo wangu umefungwa. Nilichukua bahasha ya dawa, nikaandika kwa herufi kubwa YOTAMU, nikampa Nderitu alipokuja.

Akaisoma kimya kwanza. Akainama. "Yotamu," akasema, akiipandisha mwisho, kama mtu anauliza bei. Akajaribu tena akibana katikati. Mzee aliangalia dari. Nilijua haitafaa hata kabla hajamaliza. Herufi zilikuwa sawa. Lakini kwa bahasha hakukuwa na mahali pa kuonyesha pale jina linavutwa, wala kwamba linatoka mbali, upande wa miwa.

Rosaline akachukua bahasha akasoma pia, kwa sauti ya mtu anayeita watu wa kupokea mahindi ya msaada. Hapana.

Akanirudishia. "Haya si makosa ya jina," akasema. "Anakosekana mtu wa kuita. Sisi ni wageni kwake. Hata mimi mtu wa njiani akiniita Losalini siwezi kugeuka, nitafikiri ni konda." Akakaa kitandani, akanipunguzia sauti. "Na wewe unajua kuita."

"Najua."

"Nimeona tu kwa macho. Sasa skia, Mama Nerima. Mimi sikwambii uite. Sikwambii usiite. Ukiita, utasemwa mpaka Chwele. Mimi mwenyewe nitakusema, nisikudanganye, siwezi kuona kitu kama hiyo ninyamaze. Lakini nitasema pia ilikuwa aje."

Ijumaa daktari mkubwa alifika saa nne. Mama mwembamba, miwani kwa kamba, wanafunzi wawili nyuma. Hakuwa mbaya. Alikuwa na vitanda kumi na viwili na wodi nyingine tatu. Alipofika kwetu Nderitu akasoma kadi. Yeye akainama akaita Jotham mara mbili, akifuata kadi, kwa Kiingereza safi. Akangoja kama mtu anangoja maji yachemke. Akamgusa mzee bega, akaita tena. Halafu akanyooka akaanza kumwambia Nderitu maneno ya Kiingereza, na nilielewa moja, nyumbani.

Nilikuwa miguuni pa kitanda. Nilifungua leso nikamtoa Nelima mgongoni nikampa Rosaline. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Niliona tu mikono yangu inafungua fundo. Nikageuza uso nikaangalia dirisha, kwa sababu kama ni kuita singeita nikimwangalia. Nje kulikuwa na mti wa jacaranda na mtu anafua gari.

Nikasema, "Yotamu."

Ilitoka ndogo, ya kukauka. Hakuna kitu. Daktari mkubwa alikuwa ameshageuka kwa kitanda cha mume wa Rosaline. Nderitu peke yake aliinua macho.

Nikavuta pumzi nikaliita vile Khaemba alikuwa analiita, kutoka mbali, nikilivuta pale katikati mpaka likamalizika lenyewe. Wodi yote ilisikia. Mwanafunzi mmoja alicheka kidogo akaacha.

Nilisikia kitanda kikilia. Nilitazama kwa pembe ya jicho. Kichwa cha mzee kilikuwa kimegeuka kutoka kwa dari, upande wa dirisha, upande wa sauti, na mdomo wake ulikuwa unajaribu kitu, o, o. Jicho lake la kushoto lilinitafuta likanipata. Likaona ni nani. Halafu mkono wa kushoto, ule mzima, ukainuka, ukashika blanketi, ukalivuta taratibu mpaka juu ya uso. Akabaki amejifunika hivyo.

"Amechoka?" daktari mkubwa akauliza kwa Kiswahili. "Anataka kulala?"

"Hapana," nikasema. Bado nilikuwa naangalia mtu wa gari. "Ameona haya."

"Haya ya nini?"

Rosaline akajibu, Nelima akiwa mikononi mwake. "Huyu ni mke wa kijana wake, daktali. Hawezi kumwita. Sasa amemwita. Mzee mwenye akiri zake lazima ajifunike."

Daktari mkubwa alisimama. Alitazama blanketi, akanitazama mimi, akatazama blanketi tena. "Kwa hivyo anajua huyu ni nani," akamwambia Nderitu. "Na anajua yeye ni nani." Akaweka mkono kwa kadi. "Andika mazoezi. Kitanda kikipatikana, leo."

Kilipatikana saa tisa. Wakamsukuma na kitanda kupita mbele yangu, na blanketi bado liko usoni. Mimi niliingia nyuma ya pazia wapite. Watu walidhani ningefurahi. Rosaline alinipa mandazi. Nilikula yote na sikumbuki kama yalikuwa na sukari.

Kizito alikuja Jumapili. Rosaline alikuwa amemweleza pale mlangoni kabla hajafika kwangu, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyosema. Akakaa karibu nami kwenye benchi. Alishika mguu wa Nelima akaushika muda mrefu. Halafu akasema, "Twende nyumbani ulale. Mimi nitabaki." Tangu siku hiyo mimi sikuenda hospitali tena. Mzee hakukataa kwa maneno, hakuwa na maneno, lakini Kizito alisema kila akitajiwa kwamba nitakuja, mkono wa kushoto unatafuta blanketi.

Shangazi yao, Nakhumicha, alikuja kutoka Webuye wiki iliyofuata. Ni mama wa kuongea kidogo. Alinikuta nachambua mboga.

"Nasikia uliita."

"Niliita."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya kwanza alisikia?"

"Hakusikia. Alisikia ya pili."

Akafikiri. "Basi kuku wa kulipa ni wawili. Ya kwanza ulitukana hewa, lakini ulitukana." Aliangalia boma. "Wachague wewe. Si ndio alikuwa anaongea nao."

Siku mzee aliporudi nyumbani niliwakamata wawili, nikawapika bila kuonja, na shangazi ndiye alimpelekea. Mzee alikula kwa mkono wa kushoto, kidogo, akaacha mifupa safi. Shangazi akarudi jikoni na sahani akasema imeisha. Nikaosha sahani.

Sasa ni miezi saba. Anatembea na fimbo mpaka kwa ua na kurudi. Mguu wa kulia unachora mstari kwa udongo, na nikifagia asubuhi naukuta. Maneno yamerudi machache: maji, hapana, ng'ombe. Na mimi bado haongei, hata kupitia kuku. Nyumba imekuwa kimya kwa namna hiyo. Naweka maji bila kuambiwa, na jioni mabati hayaleti kitu.

Juma lililopita alikuja mama mmoja kijana wa kanisa, mgeni eneo hili, anaandika wazee na wagonjwa kwa daftari jipya. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni na maharagwe kwa ungo, haonwi mtu aliye huko. Alimkuta mzee amekaa kwa kiti chake nje. Alisoma kwa karatasi ya zamani, "Jotham?" Akasoma tena. Mzee hakumwangalia. Yule mama akazunguka akanipata.

"Dada, samahani. Huyu mzee anaitwa nani?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

"Anaongea?"

"Muulize na ungoje."

Akarudi. Nikamsikia akiuliza vizuri, kwa heshima. Alingoja. Mimi mkono wangu ulikuwa ndani ya maharagwe na haukusogea. Ilichukua muda ambao ningemaliza ungo mzima. Nilisikia fimbo ikigonga chini, nikasikia pumzi, nikasikia mzee akianza na kushindwa, akianza na kushindwa. Halafu akalisema, lile la mdomo, lote, zito upande mmoja, bila kulivuta katikati.

Yule mama akasema asante, Mzee. Akaandika. Sijui aliandikaje.